Karatasi za Zlatina

Dochka alifungua daftari lake juu ya meza yangu ya jikoni, akalamba kidole, akaanza kusoma kama hakimu.

"Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, tunaondoka hapa Lom. Saa tano tuko Sofia. Saa sita, kanisa kuu lenye makuba ya dhahabu. Saa nane, walinzi wa ikulu wanabadilishana zamu, na hapo nataka tusimame mbele kabisa, maana wale vijana wana miguu mirefu kama korongo. Usiniangalie hivyo, Vena. Mimi ni mjane, siyo kipofu."

Sikuwa nimemwangalia. Nilikuwa nasubiri afike Jumamosi. Dada yangu Zlatina alikuwa na siku kumi na tisa tangu afe.

"Jumamosi," akaendelea, "soko la akina mama. Halafu mabomba ya maji moto, kila mtu abebe chupa yake. Halafu kile kikanisa cha Boyana chenye picha za kale ukutani."

"Ondoa Boyana," nikasema. "Weka Lyulin."

Dochka aliniangalia kwa juu ya miwani. "Lyulin kuna nini? Lyulin ni maghorofa ya zege, mama. Hata njiwa wa Lyulin wakitaka kutalii wanapanda treni wanakwenda kwingine."

"Weka Lyulin. Jumamosi, saa nne asubuhi."

Alishika kalamu lakini hakuandika. Dochka ni mwenyekiti wa klabu yetu ya wastaafu, na kila vuli hupanga safari ya siku tatu. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nasema sina nafasi. Nilishona makoti kiwandani miaka thelathini na moja, nikastaafu, na Sofia nilikuwa nimefika mara moja tu, kumpeleka Zlatina kwa daktari wa moyo. Kwa hiyo alipoona nimejiandikisha alidhani nataka kubadilisha hewa. Sasa nikaona midomo yake inahesabu. Tarehe tatu Septemba, weka arobaini.

"Jumamosi hiyo ndiyo arobaini ya Zlatina," akasema.

"Ndiyo."

"Na Krastyo anakaa Lyulin."

"Ndiyo."

Akafunga daftari. "Nipe kahawa nyingine, na hii isiwe maji ya kuoshea vikombe."

Naandika haya ili nisije nikayasahau, kwa hiyo niyaeleze kwa mpangilio.

Krastyo ni shemeji yangu, mume wa Zlatina. Walikaa miaka thelathini na minne bila mtoto. Kazi yake kuchonga funguo. Dada yangu alipofanyiwa upasuaji wa moyo wa kwanza, Krastyo alimwangalia wiki tatu, kisha akasema anakwenda Sofia kutafuta kazi, atarudi kwa Pasaka. Pasaka ilikuja, ya pili ikaja. Tukasikia amefungua kibanda cha funguo huko Lyulin. Tukasikia anaishi na mama mmoja aitwaye Lidia. Nikamhamishia Zlatina kwangu. Hatukumlaani Krastyo sana wakati ule. Wanaume wanaoondoka kwetu ni wengi, na barabara ya kwenda Sofia ni moja.

Kisha ikaja picha ile.

Kwetu mtu akifa, jina lake na picha yake huchapwa kwenye karatasi yenye mstari mweusi pembeni, ikabandikwa mlangoni kwake, kwenye nguzo za umeme, kwenye kituo cha basi. Ikifika arobaini tunabandika nyingine. Miezi sita, nyingine. Mwaka, nyingine. Hakuna anayezichana. Jua na mvua ndivyo vinavyoziondoa. Watu husimama kuzisoma hata kama marehemu hawamjui, wanahesabu umri, wanatikisa kichwa, wanaendelea na safari.

Mwezi wa sita Ralitsa, binti wa Dochka anayeishi Sofia, alikwenda kwa daktari wa meno huko Lyulin, akapita kwenye mlango wa jengo fulani, akaona sura anayoijua. Akapiga picha kwa simu akamtumia mama yake, na mama yake akanitumia mimi bila neno lolote. Ilikuwa karatasi ya marehemu. Imeandikwa: MWAKA MMOJA BILA ZLATINA. Mke mwema na mpole, aliyetutoka Aprili 2023. Kwa majonzi yasiyokwisha: mume wako Krastyo.

Wakati nasoma maneno hayo, Zlatina alikuwa uani kwangu, aproni kifuani, anatoa kokwa za cheri na kuimba vibaya.

Ralitsa aliulizia, akatuletea habari yote. Lidia ni mama wa kanisani, hakutaka kukaa na mume wa mtu. Basi Krastyo akajifanya mjane. Alimwambia amezika mke, akalia, akapewa pole na jengo zima. Na ulipofika mwaka, kwa kuwa mjane asiyebandika karatasi ya mwaka angeshangaza watu, akabandika.

Niliificha picha ile siku nane. Siku ya tisa Zlatina alichukua simu yangu kumpigia daktari, akaikuta.

"Picha hii niliikataa tangu mwanzo," akasema. "Kidevu kama cha bata."

Nikanyoosha mkono kuichukua simu, hakunipa.

"Kumbe nilikufa Aprili. Na nyanya zile zote Aprili nilipanda mimi! Vena, wafu wa siku hizi wanafanya kazi jamani." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akaniomba nimsaidie kulala, na akalala akiangalia ukuta.

Toka siku hiyo hakuniambia tena kwamba chumvi imezidi. Kwa wasiomjua dada yangu, hilo ni jambo dogo. Pilipili za Agosti nilichoma peke yangu, naye akakaa dirishani hata harufu haimshtui. Tarehe tatu Septemba, asubuhi, nilimpelekea chai nikamkuta amekwenda. Daktari aliandika moyo. Mimi najua kilichoandikwa kabla ya hapo na nani alikiandika.

Nilimpigia Krastyo mwenyewe. Nikamwambia mazishi ni lini. "Vena," akasema, "siwezi kuja. Unanielewa."

Nilimwelewa. Angekujaje kumzika mtu aliyekwisha kumzika mwaka jana?

Sasa Dochka alikunywa kahawa yake yote kabla ya kusema. "Unataka kwenda kumpiga."

"Nataka kwenda kubandika."

Nikatoa kwenye droo karatasi niliyokuwa nimeandika nyuma ya kalenda. Nilikuwa nimeiandika kwa usiku wa siku tatu. Dochka akaisoma kwa sauti. "'Aliyeuawa kwa karatasi na mbwa Krastyo, mwongo, mwizi wa machozi ya watu, mwenye meno ya bandia...' Vena, meno ya bandia yameingiaje hapa?"

"Ni ya bandia."

"Najua ni ya bandia, nilikuwepo yalipomtoka harusini kwa binti yangu. Lakini hii ni karatasi ya marehemu. Marehemu hatukani."

"Anayetukana ni mimi."

"Basi utamsaidia yeye. Watu watasoma watasema, hebu ona, kuna kichaa mmoja katoka mikoani kumsumbua mzee wa watu." Akaisukuma karatasi kwangu. "Na ukiandika kwa adabu ndiyo vibaya zaidi. Mlango wenye karatasi ni mlango wenye msiba. Watampelekea maua. Atapewa pole mara ya pili, na yeye atakaa pale anafuta macho na kula keki za majirani."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliona kabisa Krastyo anakula keki. Nikasimama nikaenda kwenye sinki, nikaosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Niliosha kwa muda, na hasira ilikuwa imenijaa mpaka kwenye vidole. Ndipo nikageuka.

"Ile ya mwaka mmoja," nikauliza, "bado iko?"

"Nani ataichana? Ralitsa alipita wiki iliyopita, anasema imefifia kidogo tu, iko chini ya kibaraza, mvua haiifikii."

"Basi nitaandika kwa adabu," nikasema. "Maneno ya kawaida. Jina, picha, na tarehe. Nitaibandika pembeni ya ile, bega kwa bega."

Dochka akafungua daftari, akakata Boyana kwa mistari miwili, akaandika Lyulin, na mbele yake akaweka nyota, kama anavyoweka kwenye makanisa.

Wiki zile tatu nilipanga safari kuliko nilivyowahi kupanga kitu maishani. Wenzetu klabuni waliulizana kuhusu viatu na mahali pa kula supu ya matumbo. Mimi nilitaka kujua treni ya chini ya ardhi inachukua dakika ngapi kutoka katikati ya mji, tunashuka wapi, tunashika mkono upi. Ralitsa aliniambia kibanda cha funguo Jumamosi hufunguliwa saa sita, kwa hiyo saa nne Krastyo yuko nyumbani, na saa nne ndiyo saa watu wa maghorofa hutoka kwenda sokoni na kurudi. Nilijaribu gundi kwenye geti langu. Utepe wa kunata ulibanduka kwa umande. Gundi ya dukani ilikunja karatasi, Zlatina akaonekana ana makunyanzi. Gundi ya unga wa ngano, iliyochemshwa na siki kidogo, ilishika mpaka nikalazimika kukwangua kwa kisu. Nikaandika kwenye daftari la Dochka, chini ya orodha ya miavuli na dawa za presha: gundi, mtungi mmoja, brashi.

Mchapaji wetu wa Lom, bwana Evlogi, ana vielelezo ukutani, msalaba au ua, unachagua. Nikachagua msalaba. Nikampa picha.

"Hii?" akauliza. "Samahani mama, ana picha nzuri zaidi. Ile ya mazishi ilimpendeza."

"Hii ndiyo wanayoijua huko inakokwenda."

"Haya. Waombolezaji?"

"Andika: dada yake, Venelina."

"Na mume?"

"Mume alishaomboleza."

Aliandika. Alichapa kumi. Zilisema: SIKU AROBAINI BILA ZLATINA. Alizaliwa Lom 1960, alifariki Lom tarehe 3 Septemba 2024. Basi. Neno moja la matusi halikuwemo, na nilipozisoma pale dukani nilijua kwamba sijawahi kuandika kitu kibaya kama hicho.

Arobaini kwetu inaweza kufanywa mapema, haifanywi kwa kuchelewa. Alhamisi nikampeleka padri kaburini. Jirani yangu Parashkeva alikuwepo, kidevu juu.

"Kumbe ni kweli," akaniambia. "Arobaini ya dada yako, wewe unakwenda Sofia kupiga picha na masanamu."

"Nitakuletea sumaku ya friji," nikamwambia.

Ijumaa tulitalii. Nasema ukweli, kanisa kuu niliangalia nikaona dhahabu tu. Walinzi walipiga hatua, Dochka akapiga makofi peke yake. Jioni tulikula, wenzetu wakaimba, mimi nikapanda kulala mapema na mtungi wa gundi chini ya kitanda.

Jumamosi Dochka aliwaambia wenzetu waende sokoni, sisi tuna mgonjwa wa kumwona. Tukashuka Lyulin saa nne kasoro dakika kumi. Jengo lilikuwa kama Ralitsa alivyosema, mlango wa pili, kibaraza cha zege, na ukutani karibu na kengele karatasi za watu waliokufa, nyingine nyeupe, nyingine za njano. Ya dada yangu ilikuwa ya njano. Nilipaka gundi kama ninavyopaka mafuta kwenye unga wa kusukuma, nikabandika, nikalainisha pembe nne kwa kiganja. Sura mbili zile zile, videvu viwili vya bata, na katikati nafasi ya upana wa kidole.

Mzee mmoja alitoka na mfuko, vitunguu vya majani vinachungulia. Akasimama kusoma, kama inavyopasa. Akasoma ya kulia. Akasoma ya kushoto. Akavaa miwani.

"Samahani mama," akaniambia. "Huyu amekufa mara mbili?"

"Mara ya kwanza alikuwa anapanda nyanya," nikasema.

"Nani alikuwa anapanda nyanya?"

"Zlatina. Mimi ni dada yake. Alifia kwangu Septemba."

"Septemba ipi?"

"Hii."

Mzee akaita kwa sauti kwa mtu aliye ndani, "Tsvetana! Hebu njoo uone," na Tsvetana akaja na taulo kichwani, na nyuma yake akaja mama mwingine na mbwa. Wakasoma. Kwetu watu wote wanajua kusoma karatasi hizo, kwanza jina, kisha tarehe, kisha nani anaomboleza. Waliposoma tarehe wakarudi kwenye karatasi ya njano. Mwenye mbwa akasema polepole, "Mimi nilimpa Krastyo keki ya malenge."

"Nilijua tu, keki," Dochka akaninong'oneza.

Yule aliyekuja baadaye akitoka sokoni, mnene, na kitambaa cha kanisani, na mifuko miwili, sikuhitaji kuambiwa ni nani. Watu walimpisha. Lidia akaweka mifuko chini, akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko wote.

"Mwaka jana nilikwenda kumwashia mshumaa," akasema bila kugeuka. "Kila Jumamosi. Mshumaa upande wa wafu, siyo wa wazima."

"Alikuwa hai," nikasema.

"Nilimchemshia ngano ya marehemu. Nikagawa mlango kwa mlango."

"Alikuwa hai, mama. Alikuwa na ugonjwa wa moyo na alikuwa hai. Aliiona karatasi hiyo. Nilimwona akiiona."

Nilikuja nimejiandaa kumchukia, na nilijaribu. Lakini alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyekatwa miguu, na chuki yangu ikamruka ikaendelea mbele, kwa anayestahili.

Maana Krastyo alikuwa anateremka. Alisikia kelele, akaja na ndara, shati la ndani, kikombe mkononi. Aliponiona akasimama ngazi ya pili. "Vena," akasema. "Shemeji. Njoo juu tuzungumze."

"Tuko vizuri hapa," Dochka akasema.

Akaona watu, akaona ukuta. Nilimwona akifikiri. Angeweza kusema mimi ni mwongo. Angeweza kusema nimechanganyikiwa kwa msiba, na labda nusu yao wangemwamini, maana walikuwa wamemzoea. Ndiyo hofu niliyokuwa nayo wiki zote tatu. Badala yake akaruka ngazi, akanyoosha mkono ukutani.

"Ee bwana, karatasi ya marehemu haichanwi!" mzee wa vitunguu akapiga kelele.

Krastyo akaichana. Aliichana ile ya njano. Aliikwangua kwa kucha mpaka zikabaki nyuzi za gundi, akaibana kiganjani kama anataka kuimeza, na yangu hakuigusa hata kwa pembe. Kisha akageuka, akaona jinsi wanavyomtazama, na akaelewa alichofanya.

Lidia ndiye aliyesema. "Kumbe unajua ya uongo ni ipi."

Hakuna aliyemtukana. Mwenye mbwa alimvuta mbwa wake karibu na mguu, ni hilo tu.

Ndipo Dochka akafungua begi lake, akatoa bakuli lenye kifuniko. Alikuwa amechemsha ngano Alhamisi bila kuniambia, akaitia sukari na karanga za kusaga, msalaba wa sukari juu, akabeba njia nzima kutoka Lom. "Arobaini ni leo," akasema. "Shika, wewe ndiye dada."

Ngano ya marehemu hanyimwi mtu. Anayepita njia unampa, mlevi wa kituoni unampa, adui yako unampa, naye anapokea kiganjani na kusema, Mungu amsamehe. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sijawahi kuona mtu akinyimwa.

Nikampa mzee. "Mungu amsamehe." Nikampa Tsvetana na taulo lake. "Mungu amsamehe." Nikampa mwenye mbwa. Nikainama nikampa Lidia pale alipokaa, vijiko viwili, na yeye akayasema kwa midomo tu.

Krastyo akaja mbele yangu. Akahamishia kikombe mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia, kiganja juu. Vipande vya karatasi ya njano vilikuwa bado vimenata kwenye vidole. Alikuwa analia, na sidhani alikuwa anaigiza.

"Kidogo, Vena," akasema. "Alikuwa mke wangu."

Watu wote walikuwa wanaangalia mkono ule. Bakuli lilikuwa na ngano ya kutosha watu kumi.

Nikalifunika, nikampa Dochka aweke begini.

Alibaki amenyoosha mkono mpaka tulipofika kwenye kona ya jengo. Najua kwa sababu niligeuka kuangalia, mara mbili. Padri wangu anasema nimefanya dhambi kubwa kuliko kumtukana, na ananitaka niungame. Nimeungama. Aliponiuliza kama ninajuta, nilimwambia hapana, akanirudisha nyumbani bila komunyo, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo.